Jani la Mabruki

Watu wa mtaa wa Gongoni walikuwa hawamwapishi Sabiri. Mtu mwingine akisema jambo aliambiwa aape. Sabiri akisema, mazungumzo yalikwisha. Ukimwuliza kama kanzu yako mpya imekukaa vizuri, alikutazama juu hadi chini akakwambia mabega yamelegea, nawe ukanuna naye wiki nzima. Mkewe, Hafsa, alizoea kuwaambia majirani, "Mimi sikuolewa na mtu, niliolewa na mizani." Wanawake walicheka, lakini palipozuka ugomvi wa mpaka wa kiwanja au wa mirathi, waume zao walimfuata mizani huyohuyo aje akae katikati.

Kazi yake ilifanana naye. Alikuwa fundi wa maabara mwenye stashahada, katika hospitali moja mjini Tabora, na tangu ujana wake alikuwa akipima damu, mikojo na usaha wa watu bila kuongeza wala kupunguza. Alichokiona ndicho alichokiandika. Mkubwa wake wa kazi, Madam Rashmi, mwanamke wa Kihindi aliyezaliwa mjini hapohapo na ambaye hakumwamini mtu upesi, alikuwa akitia saini majibu ya Sabiri bila kuyasoma mara ya pili.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomlevya mtu huyu asiyelewa, nalo ni ukoo wake. Babu wa babu yake, Mabruki, alikuwa mpagazi katika misafara ya zamani, akibeba mzigo begani kutoka Ujiji hadi pwani na kurudi. Katika njia ile kilichowaua wapagazi mara nyingi kilikuwa kidonda cha mguu, kwa kuwa mwenye kidonda alibaki nyuma, na aliyebaki nyuma hakuonekana tena. Ilisimuliwa kwamba Mabruki alijua jani. Aliwapaka wenzake, wakainuka, wakatembea. Alipochoka na njia akakaa Tabora, akaoa, na watu wakamfuata nyumbani na vidonda vyao.

Ukoo ule haukuwa na mashamba wala maduka. Ulikuwa na jani. Mti wenyewe ni mdogo, wa porini, na wao waliuita mti wa Mabruki. Aliyeushika sasa alikuwa Asmahani, shangazi yake Sabiri, mjane aliyekaa mtaa wa Cheyo na kuuotesha nyuma ya nyumba yake. Majani yalichumwa asubuhi kabla umande haujakauka, yakatwangwa, yakalowekwa ndani ya asali ya porini, na chupa ikaachwa juani mpaka asali ikageuka nyeusi kama kahawa. Kisha ilichujwa kwa kitambaa. Hiyo ndiyo dawa.

Asali haikutajwa kamwe. Tabora asali imo katika kila kitu, katika dawa ya kikohozi, katika uji wa mgonjwa, katika chai ya mzazi. Hakuna mtu wa pale anayeihesabu kuwa dawa, kama vile hahesabu sufuria kuwa chakula. Dawa iliitwa jani la Mabruki, na asali ilikuwa chombo cha kubebea jani.

Kila mwaka, katika mwezi wa Mfungo Pili, ukoo ulimsomea Mabruki hitima uani kwa Asmahani. Chupa ya dawa iliwekwa mbele, kando ya chetezo cha ubani, na baada ya dua wenye vidonda walipewa kidogo bure. Mwaka huo Asmahani alimwita mpwa wake majuma machache kabla ya siku.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Kaa. Kuna vijana wanapita humu mtaani wanasema dawa yetu ni ya kienyeji tu, haina sayansi. Juzi mmoja kaniambia mbele za watu, 'Bibi, hiyo ni asali yako na majani ya mbuzi.' Nimelala na neno hilo kifuani. Wewe unapima usaha wa mji mzima. Hupimi cha kwenu?"

Sabiri akacheka, akaichukua chupa.

Upimaji wenyewe si mgumu kuuelewa. Wadudu wa usaha huoteshwa juu ya sahani ndogo yenye chakula chao, kilichogandishwa kama jeli. Vipande vidogo vya karatasi vya mviringo huchovywa katika dawa na kulazwa juu yake, kisha sahani inawekwa katika kabati la joto hadi kesho yake. Dawa ikiwa na nguvu, kuzunguka karatasi hubaki duara safi ambapo wadudu hawakuota. Isipokuwa na nguvu, wadudu huota mpaka wakaigusa karatasi. Na ili usijidanganye, huwa unaweka karatasi nyingine isiyo na dawa, ulinganishe.

Sabiri akachovya karatasi moja katika dawa ya shangazi. Nyingine akaichovya katika maji safi. Asubuhi yake alipofungua kabati alikuta duara pana, jeupe, kama mwezi umetua katika sahani. Na kwenye ile ya maji hapakuwa na kitu. Alisimama pale na sahani mkononi, mtu mzima mwenye mvi, machozi yakimlenga. Alimwona Mabruki akipiga magoti njiani mbele ya mguu wa mtu.

Akampelekea Madam Rashmi, ambaye siku hiyo alikuwa akifunga meza yake aende likizo Dar es Salaam.

"Duara zuri," alisema Rashmi, akiigeuza sahani kwenye mwanga wa dirisha. "Maji yapo. Na asali peke yake? Ulipima?"

Hakuwa amepima. Wazo lenyewe halikuwa limemjia. Jibu la kweli lilikuwa jepesi, na siku nyingine yoyote angelitoa bila kupepesa jicho. Lakini Rashmi alikuwa ameshachukua mkoba wake, hitima ilikuwa karibu, shangazi alikuwa akingoja, na moyoni Sabiri aliona kama anaulizwa kama amepima sufuria.

"Nilipima," akasema. "Haina kitu."

"Sawa basi." Rashmi akatia saini. Akafika mlangoni akageuka. "Lakini Sabiri, hii ni ya sahani, siyo ya mguu wa mtu. Usiipeleke mbali."

"Naelewa, Madam."

Wapo watu wanaosema uongo mdogo si kitu. Hao hawajawahi kuuona ukikua. Uongo wa Sabiri ulikuwa wa neno moja, haukumwibia mtu, haukumtukana mtu, na aliusema kwa mapenzi ya ukoo wake. Hakuna hata moja kati ya hayo lililomwosha.

Siku ya hitima, baada ya dua, alisimama uani na koti lake jeupe la kazini, ambalo Asmahani mwenyewe ndiye aliyemwomba alivae. Ua lilikuwa limejaa. Akasema dawa ya babu imepimwa katika maabara, imeua wadudu wa usaha, na ameona kwa macho yake. Kuhusu sahani na mguu hakusema kitu. Wanawake wakapiga vigelegele. Asmahani akajifunika uso kwa ncha ya kanga, akalia kwa sauti kama siku ya msiba. Yule kijana wa majani ya mbuzi alikuwapo pia, na mtu akamwambia, "Haya, sema sasa!" Kijana akainama akanywa kahawa yake.

Fakhrudin, mwenye duka la vyakula na dawa za asili karibu na soko, alikuwa ameketi mstari wa mbele. Kesho yake akamwita Sabiri dukani.

"Daktari, karibu kiti. Nimeongea na Bi Asmahani. Watu wa vijijini wanaitaka hii dawa. Lakini asali inanisumbua, bwana. Inavuja, inaleta siafu, inachacha, chupa inapasuka njiani. Mimi nataka jani kavu, nimesaga, nimetia pakiti. Jani kavu linafanya kazi ileile?"

Hapa pia palikuwa na nafasi ya kusimama. Lakini ulimi uliokwisha kuteleza mara moja hujua njia.

"Dawa imo katika jani," Sabiri akasema.

"Neno lako hilo linanitosha. Wewe mji mzima unakujua."

Pakiti zikatoka. Zilikuwa za karatasi ya kijani, na mbele zilikuwa na picha ya Sabiri na koti lake jeupe, iliyopigwa siku ya hitima, na chini yake maneno: *Jani la Mabruki. Limepimwa.* Hafsa alipoiona ya kwanza aliishika mbali na macho yake akasema, "Hee, mizani umekuwa sabuni!" Sabiri akacheka naye. Pakiti zikaenda Sikonge, zikaenda Urambo, zikaenda Goweko kwa wakulima wa tumbaku.

Rashmi aliporudi kutoka likizo, kabla hajaona pakiti hata moja, alikuja na jambo. "Nataka wanafunzi wa maabara waione kazi yako," alisema. "Uwaandalie upya: dawa ya shangazi, jani peke yake katika maji, asali peke yake, maji. Sahani moja, karatasi nne, wajifunze kulinganisha."

Sabiri akafurahi, na furaha yake ilikuwa ya mtu anayepata nafasi ya kulipa kabla mdai hajagonga mlango. Angepima sasa kile alichosema alikwisha kukipima, nacho kingetoka vilevile, na uongo ungekuwa umegeuka kweli, nyuma ya mgongo wa kila mtu. Akaandaa sahani jioni, peke yake, kabla wanafunzi hawajaiona.

Asubuhi akafungua kabati.

Dawa ya shangazi ilikuwa na duara lake. Karatasi ya asali ilikuwa na duara pia, pana sawasawa na lile. Na karatasi ya jani, ile ya jani la Mabruki katika maji, ilizungukwa na wadudu wanene, wenye afya, walioota mpaka wakaipanda juu.

Alidhani amechanganya karatasi. Akarudia. Akaleta majani mabichi, akarudia tena. Kila mara asali iliua wadudu na jani halikuua hata mmoja. Majirani wote waliopona uani kwa Asmahani, na pengine wapagazi wenyewe, walikuwa wameponywa na kile kitu ambacho hakuna aliyekitaja. Na sasa katika kila pakiti ya kijani kitu hicho kilikuwa kimetolewa, kwa sababu kinavuja na kinaleta siafu, na kilichobaki ni jani na picha yake.

Angetoka muda uleule akaenda dukani. Hakwenda. Alizifunika sahani, akazichoma na taka za maabara, akamwambia Rashmi wadudu hawakuota vizuri, ataandaa wiki ijayo. Nyumbani akawa hali chakula. Akipita mbele ya duka la Fakhrudin alivuka barabara, maana dirishani sura yake mwenyewe ilimtazama, imepangwa safu kwa safu. Alijiambia anatafuta namna ya kumwambia shangazi bila kumvunja. Ukweli ni kwamba alikuwa anatafuta namna ya kutokuaibika, na namna hiyo haikuwapo.

Kilichomtoa mafichoni kilikuja kazini, ndani ya kichupa. Wodi ya wanawake ilileta usaha wa kidonda upimwe, kama kawaida. Sabiri akatoa kijiti, akakipaka juu ya sahani, akasimama. Katika usaha mlikuwa na chenga za kijani. Akakinusa kifuniko. Harufu ile aliijua tangu anatambaa uani Cheyo. Kwenye kibandiko paliandikwa jina la mgonjwa, Kabula, na mahali anapotoka, Goweko.

Alivua koti lake jeupe akalining'iniza. Hakutaka kuingia nalo wodini.

Kabula alikuwa mama wa makamo, mkulima, mwenye mikono mipana iliyopigwa weusi na utomvu wa tumbaku. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji hadi juu ya kifundo, na mwisho wake ulikuwa mfupi kuliko inavyotakiwa.

"Habari za kuumwa, mama."

"Nashukuru Mungu, baba. Wameondoa vidole vitatu. Jembe lilinikata, halafu mimi nina sukari, sikuwa najua." Akamtazama vizuri, uso ukamfunguka. "We! Si wewe yule daktari wa kwenye pakiti?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akainua kichwa.

"Ndiye mimi," Sabiri akasema.

"Jamani! Umekuja kunitazama! Nilikuwa nakupaka kila siku, baba, asubuhi na jioni. Mume wangu aliniambia twende zahanati, nikamwambia wewe kaa, hii imepimwa, mwenyewe huyu hapa na koti lake. Kidonda kilipoanza kunuka nikasema labda naipaka kidogo, nikaongeza." Akashusha sauti, kama anayeomba radhi. "Nadhani nilikosea mimi kupaka. Sikusoma, baba. Usinikasirikie."

Kuna aibu ya kukutwa na kosa, na hiyo mtu huweza kuibeba akaendelea na safari. Lakini kuombwa radhi na uliyemuumiza ni kitu kingine. Sabiri akakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo wauguzi hawaliruhusu.

"Hukukosea, mama. Ulipaka sawasawa. Ile haiponyi. Ni majani makavu tu."

"Lakini imepimwa."

"Sikuipima vizuri. Niliulizwa kama nimepima, nikasema nimepima, na nilikuwa sijapima. Baadaye nikapima nikaona haina kitu, nikanyamaza."

Kabula akautazama mguu wake, akamtazama yeye.

"Ulinyamaza lini?"

Akamtajia. Kabula akahesabu kwa kichwa, midomo ikitikisika kidogo.

"Siku hizo vidole vyangu vilikuwapo," akasema.

Akajivutia shuka hadi kifuani, akageukia ukuta. Sabiri aliposimama aondoke, akamsikia akisema bila kugeuka: "Huko kwetu wapo wengine wanakupaka. Unakaa hapa kunitazama mimi?"

Alianzia kwa Rashmi. Alimweleza yote akiwa amesimama, na Rashmi hakumkaribisha kiti. Alipomaliza, Rashmi akauliza, "Siku ile dirishani, nilikuuliza au sikukuuliza?"

"Uliniuliza, Madam."

"Nimetia saini majibu yako miaka yote hii bila kuyasoma. Kuanzia leo nitayasoma." Akainamia kazi yake. Sabiri alipokuwa akitoka akaongeza, "Na usiende huko kuwaambia sasa wapake asali. Ile nayo ni ya sahani. Mwenye kidonda aende zahanati, basi."

Fakhrudin alisikiliza mikono ikiwa juu ya kaunta. Kisha akaanza kuzishusha pakiti dirishani, moja moja, akizigeuza sura chini. "Mimi nilikuuliza hapa hapa," alisema. "Ulikaa kiti kile." Kwa zilizokuwa zimekwenda vijijini akawatumia wenye maduka ujumbe, lakini maduka ya vijijini yana njia zake, na mtu aliyekwisha kununua hakuwa na wa kumtumia ujumbe.

Cheyo ndiko kulikokuwa kugumu. Asmahani alikuwa uani akichagua majani kwenye ungo. Sabiri alipomaliza kusema, mikono ya bibi ikabaki hewani.

"Kwa hiyo yule mtoto alisema kweli. Asali na majani ya mbuzi."

"Shangazi..."

"Usiniite. Mimi nilikupa chupa uipime, sikukupa uipambe. Ungeniambia siku ile, 'Shangazi, ni asali,' ningesema basi Mabruki alijua asali, tukaendelea kumsomea hitima yake. Nani angetucheka? Sasa mtu amekatwa vidole kwa jina lake. Yule alikuwa anawainua watu njiani, Sabiri! Anawainua!" Akaumwaga ungo chini, majani yakatawanyika hadi miguuni mwa mpwa wake. "Toka kwangu. Koti lako lile usilivae tena katika ua huu."

Usiku Hafsa alimtilia chakula, hakikuliwa. Hakumtania juu ya mizani. Neno lile lilikuwa limekufa ndani ya nyumba.

Jumamosi akapanda treni kwenda Goweko. Siku hiyo wakulima walikuwa wamejaa kwenye ghala la chama chao, wakipanga mitumba ya tumbaku. Hakuwa na haja ya kujitambulisha.

"Mwangaluka! Ni yeye! Daktari wa pakiti!" mtu akapaza sauti akiamkia kwa Kinyamwezi, na watu wakaja wakimpa mkono kwa mikono miwili. Mama mmoja akamletea kigoda. Mwingine akasema sura yake ni nene kuliko ya kwenye karatasi, watu wakaangua kicheko. Alipokelewa kama mgeni wa harusi, na kila mkono alioushika ulimwunguza.

Hakukaa. Alisema akiwa wima, kwa Kiswahili chepesi, na kijana wa ghala akawarudia wazee kwa Kinyamwezi. Akasema jani halifai kitu. Akasema alidanganya. Akasema Kabula amepoteza vidole kwa sababu hiyo, na kila mwenye pakiti ailete, na kila mwenye kidonda aende zahanati leo.

Kicheko kikazimika. Kigoda kikaondolewa nyuma yake. Wengine wakaenda nyumbani wakarudi na pakiti, wakazitupa mbele yake bila kumtazama, naye akaziokota na kuzitia katika gunia. Mume wa Kabula alikuwapo. Alikuja na pakiti mbili, akaziweka gunini kwa mkono wake mwenyewe, akaenda zake.

Aliyebaki alikuwa mzee mmoja, Anton, ameketi juu ya mtumba nje ya ghala, suruali imekunjwa, goti hadi chini limefungwa kitambaa cha kanga. Kitambaa kilikuwa na madoa ya kijani. Mfukoni mwa shati lake pakiti ilichungulia, na picha ya Sabiri ilionekana kuanzia kidevu hadi utosini.

"Shikamoo mzee. Nipe hiyo, twende zahanati."

"Marahaba. Sikupi."

"Mzee, nimekwisha kusema mbele ya wote. Haiponyi."

"Nimesikia. Sasa nieleze, mimi si mtu wa shule." Anton akaipiga pakiti kwa kidole. "Huyu wa hapa, na koti lake, anasema imepimwa, inaponya. Wewe hapo, bila koti, unasema haiponyi. Na ni mtu yuleyule. Mimi nimshike yupi?"

Watu waliokuwa wakiondoka wakasimama wasikie.

"Mnishike mimi wa leo."

"Na huyu naye aliposema, haikuwa leo?"

Sabiri angeapa, lakini hakuwahi kuapa maishani, na aliona kwamba kiapo chake sasa kingekuwa na uzito uleule wa neno lake. Alitafuta kitu cha kumpa mzee yule ili aaminike, akajipekua mwili na moyo, hakukipata. Kile kilichokuwa kimejaa Gongoni nzima, ambacho watu walikuja kukiazima wagombanapo, hakikutosha hapa kumtoa mzee mmoja juu ya mtumba wa tumbaku.

Akaketi chini, kwenye vumbi, mbele ya mguu wenye kitambaa.

"Unafanya nini?"

"Nakungoja."

"Treni yako itakuacha."

"Iniache."

"Utalala na njaa. Hapa hakuna wa kukupikia leo, umewaudhi."

"Nitalala nayo."

Treni ilipita, watu wakatawanyika, ghala likafungwa. Anton aliendelea kuketi kwa ubishi, na Sabiri akaendelea kuketi kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kuipeleka aibu yake. Mwishowe mzee akaguna, akanyoosha mkono ainuliwe. Hakusema ameamini. Alisema mguu unamuuma na anataka kutembea. Sabiri akampa bega, na wakaenda hivyo hadi zahanati, mzee yule akimwegemea kila hatua.

Muuguzi alifungua kitambaa, akakosha chenga za kijani, akasema afadhali amekuja, huu bado unaokoleka. Anton akasikiliza, macho yake yakiwa kwa muuguzi, hayakumgusa Sabiri hata mara moja. Alipofungwa bendeji safi, Sabiri akanyoosha mkono tena.

"Sasa nipe pakiti, mzee."

Anton akaibonyeza ndani zaidi ya mfuko, akafunga kishikizo juu yake.

"Dawa nitaimwaga. Karatasi nabaki nayo. Siku utakaporudi hapa ukaniambia kuna kitu umekipima, nitaitoa niiweke mezani, niwatazame wote wawili mkisema."

"Kaa nayo, mzee," Sabiri akasema, akatoka nje na gunia lake.